Ni Wanaume Wangapi Wanaofika 65?

Kwenye fomula ya pensheni yetu sisi watumishi wa umma wa Tanzania kuna namba ambayo haijanitoka kichwani tangu mwaka 2018: 12.5. Unachukua idadi ya miezi uliyochangia, unazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, unagawa kwa 580, unazidisha kwa 12.5, ndipo inapokuja ile asilimia ya mkupuo, yaani sehemu unayolipwa mara moja unapostaafu, iliyogombanisha nchi nzima. Waliotumwa kuja kutuelimisha walisema 12.5 ni makadirio ya miaka ambayo mstaafu ataishi baada ya kuacha kazi. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Ukijumlisha unapata 72 na nusu, na hapo ndipo ofisi ya walimu ilipolipuka.

"Nani huyo wa 72?" alidakia mwenzetu wa Jiografia. "Wastani wa kuishi wa Mtanzania ni 61. Nikistaafu na 60 nimebakiwa na mwaka mmoja. Hiyo 11 na nusu ataila nani?"

Watu wakapiga meza. Hoja ilikuwa tamu, na tangu hapo nimeisikia kwenye daladala, kwenye vikao vya chama, hata msibani. Kabla ya mwaka huo mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF ilikuwa ikitumia 15.5 na mkupuo wa asilimia 50. Sheria ya 2018 ikaunganisha mifuko minne kuwa PSSSF, kanuni mpya zikaja na 12.5 na asilimia 25, kelele zikapanda, na Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akasimamisha kikokotoo kipya. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 wale waliokuwa kwenye mifuko ya asilimia 50 wakapandishiwa hadi 40. Asilimia imepigiwa kelele mpaka ikasogea. Ile 12.5 ilirudi vile vile, na ndiyo inayonihusu zaidi, kwa sababu inazungumzia lini nitakufa.

Niseme kwanza kwamba hoja ya mwalimu wa Jiografia haisimami, ingawa alishangiliwa. Chukua watoto kumi. Wawili wamefariki wakiwa wachanga kabisa, wanane wameishi mpaka miaka 75. Wastani wa kuishi wa kundi hilo ni miaka 60, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa akiwa na 60. Wastani tunaotangaziwa baada ya kila sensa umebeba ndani yake vifo vya watoto wachanga, na aliyekwisha kufika 60 alishavipita vyote hivyo: surua, malaria ya utotoni, homa ya uti wa mgongo, na yale ya ujanani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwanamume wa Kitanzania aliyefika 60 ana wastani wa zaidi ya miaka 15 mbele yake. Kwa hiyo 12.5 haikututukana. Ukitaka kulalamika kwa haki, lalamika kwamba ilishushwa kutoka 15.5 wakati watu wanaishi zaidi.

Lakini yule bwana alikuwa amegusa jambo zito bila kulikusudia. Swali lake la kweli lilikuwa hili: sisi wanaume, ni wangapi tunafika huko kwenye kustaafu? Wataalamu wa takwimu wana kipimo kinachokaribia sana swali hilo. Wanauliza: kati ya wavulana 100 waliozaliwa, wangapi watatimiza miaka 65 ikiwa watapita katika hali ya vifo ya mwaka huu, umri kwa umri? Kipimo hiki kinaeleza maisha ya watu wazima kwa namna ambayo wastani wa kuishi hauwezi. Na kwa Tanzania kinasimulia kisa cha kupanda, kuporomoka, kisha kupanda tena, ambacho watu wa umri wangu tumekipitia kwa miili yetu.

Mimi ni wa Muleba, mkoa wa Kagera, nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba uhuru ulitukuta na madaktari 12 na wahandisi 2. Tukaanzia hapo. Sensa ya 1978 ilitoa wastani wa kuishi wa miaka 44, ya 1988 ikatoa 50. Zahanati zilikuwa zimefika vijijini, chanjo zilikuwa zimefika, watu walikuwa wamechimba vyoo. Babu yangu, aliyezaliwa enzi ya Mjerumani, alikuwa akisema kwamba wanawe ndio watakaokuwa wazee wengi kuliko kizazi chochote alichokiona, na ukitazama namba za miaka ile hakuwa anaota.

Halafu tazama kilichofuata. Sensa ya 2002 ilitoa miaka 51. Kutoka 1988 ni miaka 14, na nchi nzima imeongeza mwaka mmoja.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, mkoani kwetu. Nilikuwa kijana wa shule. Kwetu ugonjwa ulikuwa bado hauna jina, watu wakauita Juliana, kwa kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani kutoka Uganda; waliokuwa na pesa za kukinunua ndio walioanza kukonda. Baadaye mjini zikaja lugha nyingine, kukanyaga miwaya, ngoma, na ule utani wa kuzifumbua herufi za AIDS: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Tulicheka sana. Uchunguzi uliofanywa Bukoba mjini mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne, asilimia 24, ana virusi.

Kwetu marehemu huzikwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, si mbali na nyumba. Ukienda kwetu leo utapita kwanza kaburi la babu, ambalo mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa kwa sababu haukujulikana, ila wa kufariki upo, 1998. Nyuma yake kuna mstari wa wanawe, saruji imeota ukungu wa kijani, na tarehe zilichorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi: 1949–1990, 1953–1988, 1956–1992. Wa kwanza hapo ni baba yangu. Mzee aliyezaliwa kabla ya hospitali aliwazika watoto waliozaliwa baada ya hospitali. Nyumba nyingi za Kagera zina mpangilio huo huo wa makaburi, na ndiyo sababu mkoa ule ulijaa bibi wanaolea wajukuu.

Katika wana wa babu amebaki baba mkubwa mmoja. Niliwahi kumuuliza aliponeaje. "Mwanangu, usidhani nilikuwa na akili," akanijibu. "Mimi nilikuwa maskini tu. Wadogo zangu walikuwa na pesa ya kahawa, wakawa wanalala Bukoba na kule mpakani, Mutukula. Mimi nilibaki na ng'ombe."

Mwaka 1992 nilipangiwa kufundisha Morogoro Vijijini, chini ya milima ya Uluguru. Huko nilikutana na kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Kulikuwa na wadadisi wa mradi mmoja wa afya, AMMP kwa kifupi, waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba kuhesabu watu na kuuliza nani amefariki tangu walipopita mara ya mwisho. Kazi hiyo ilifanyika sehemu tatu: Morogoro Vijijini, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Wengi walikuwa wanafia nyumbani, hakuna daktari aliyewaona, kwa hiyo chanzo cha kifo kilitafutwa kwa kuwahoji ndugu.

Mama mmoja jirani yangu aliulizwa kibarazani kwake, nami nilikuwa nimekaa pale kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinipikia.

"Pole mama. Mzee aliugua muda gani?"

"Muda. Toka mvua za vuli."

"Alikonda?"

"Alikonda."

"Kikohozi kilizidi mwezi?"

"Kilizidi. Halafu tumbo likaanza kuendesha. Ndugu zake wanasema alitupiwa kitu."

Kijana aliandika yote, hata hilo la kutupiwa, kisha akauliza kama mzee alikuwa na majipu, kama alikuwa akitokwa jasho usiku, kama alipata vidonda mdomoni. Maswali yalikuwa mengi na ya upole. Yule mama alijibu moja moja huku akichambua mchele, na mwishoni akamuuliza kijana kama ana dawa. Hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Majibu ya mradi huo yalichapishwa mwaka 1996 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, yakiwa yametokana na watu zaidi ya 300,000. Nimeyasoma mara nyingi na bado yananipiga. Kati ya vijana wa kiume 100 waliofikisha miaka 15 Morogoro Vijijini, 58 wangekufa kabla ya kutimiza 60 kama hali ya miaka ile ingeendelea. Dar es Salaam, 47. Hai, 37. Kwa wanawake ilikuwa 48, 45 na 26. Hawa si watoto wachanga wanaoshusha wastani. Ni watu waliokwisha kuvuka utoto, wameanza kubalehe, wamesomeshwa au wamepewa shamba, na zaidi ya nusu ya wanaume wa wilaya niliyokuwa nikifundisha hawakuwa na miadi na uzee.

UKIMWI na kifua kikuu vilichangia sehemu kubwa, ila si vyote. Wadadisi wale walikuta pia kiharusi, na walipolinganisha, vifo vya kiharusi vya watu wetu wa umri wa kufanya kazi vilikuwa mara kadhaa ya vile vya Uingereza na Wales. Mwanzoni mwa miaka ya tisini! Wakati ule tulidhani presha ni ugonjwa wa wazungu na mawaziri. Tofauti ya Hai na Morogoro nayo si ya bahati. Hai kulikuwa na kahawa, shule za misheni, barabara, na hospitali ya KCMC iko jirani. Ukitaka kujua hatima ya mwanamume, ulikuwa unamuuliza kwanza anatoka wilaya gani.

Mwaka 1999 ulipokuwa ukiisha, Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, ikaundwa 2001, na mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa ARV bure. Sitaki kuipamba miaka ile. Dawa zilianza kwenye hospitali kubwa, foleni ilikuwa ndefu, na ulipaswa kuwa umedhoofika hasa, CD4, zile chembe za kinga ya mwili, zimeshuka chini ya 200, ndipo uanzishiwe. Lakini nilichokiona mimi sijawahi kukiona tena. Mtu aliyebebwa kwa machela Januari ulimkuta Juni amejitwisha mkungu wa ndizi. Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani Mnazi Mmoja, na kipimo kikaanza kuongeleka mbele ya watu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alianza dawa 2006. Miaka ya mwanzo alikuwa akisafiri na kile kikopo amekijaza pamba ili vidonge visilie kwenye basi, maana kila mtu alikuwa anaujua ule mlio. Mwaka jana alitimiza 62. Ana meno ya bandia, ana kisima, ana kesi ya mpaka wa shamba na jirani ambayo ameiendesha kwa furaha kabisa tangu enzi za Mkapa. Hakuna aliyepanga kumwona akiwa mzee msumbufu. Amekuwa.

Sensa ya 2012 ilipotoa wastani wa miaka 61 na ushei, karibu 60 kwa wanaume na karibu 64 kwa wanawake, magazeti yalisifu. Kupanda miaka kumi ndani ya miaka kumi ni jambo la kusifiwa kweli. Ila hapa pia inabidi kutenganisha. Sehemu kubwa ya kupanda huko ni watoto: vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa 147 kwa kila vizazi hai 1,000 kwenye utafiti wa 1999, vikawa 112 mwaka 2004/05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015/16, na 43 mwaka 2022. Vyandarua, chanjo, dawa mseto ya malaria, kina mama kujifungulia hospitali. Haya ni mafanikio makubwa kuliko yoyote tuliyowahi kuyapata, na hayaniambii mimi kama nitafika 65. Sehemu ya pili, ile ya watu wazima, imeletwa zaidi na ARV. Ukikusanya yote: mwaka 2000, chini ya nusu ya wavulana wangefika 65. Sasa wanaofika ni zaidi ya nusu. Tumerudi kwenye barabara aliyoiona babu, tukiwa tumechelewa kwa kizazi kizima.

Na katika kurudi huko, wanaume tumekuja nyuma ya wanawake. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulionyesha kwamba kati ya wanaume waliokutwa na virusi, walioeleza kwamba walikuwa wanajua hali yao hawakufika nusu. Wanawake walizidi nusu. Ndiyo maana Juni 2018 Waziri Mkuu Majaliwa alizindua kampeni ya "Furaha Yangu" pale Dodoma, ikiwalenga wanaume. Kabla ya hapo, tangu 2016, CD4 hazikuwa tena sharti: ukikutwa nayo unaanza dawa. Mwanamume aliyepimwa alikuwa anatibiwa kama mwanamke aliyepimwa. Kasoro ilikuwa kwenye kufika tu.

Watu hupenda kusema wanaume ni wakaidi, hawapendi hospitali, wanaogopa sindano. Mimi naona mlango. Nenda zahanati yoyote. Mwanamke wa miaka 22 ana sababu ya kuingia mle ndani kila mwezi: ana mimba, amejifungua, anampima mtoto uzito, anachoma sindano ya uzazi wa mpango. Kila anapoingia anapimwa presha, anapimwa damu, anaulizwa anajisikiaje. Kuna siku yake, benchi lake, kadi yake na nesi anayemjua kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mume wake anaingia mle siku anayomsindikiza kupima virusi, na siku aliyovunjika. Katikati ya hapo ni duka la dawa: diklofenaki ya mgongo, Panadol ya kichwa, na vile vidonge vya kuongeza nguvu ambavyo havizungumzwi kwa sauti. Kati ya mwaka wa kumaliza shule na mwaka wa kustaafu, mfumo wetu wa afya haumtazami mwanamume isipokuwa ameanguka.

Ndipo unapata kichekesho hiki ambacho nimekishuhudia kwenye ukoo. Shemeji mwenye virusi aligunduliwa presha akiwa na miaka 51, kwa sababu alikuwa anahudhuria CTC, kliniki ya wenye virusi, na kule siku hizi wanapima. Anakunywa amlodipini, presha imetulia. Mdogo wangu wa kuzaliwa, mzima wa afya, mcheza mpira, mtu aliyekuwa akitania kwamba daktari wake ni jembe, alianguka bafuni akiwa na miaka 54. Kiharusi. Siku tatu. Msibani palikuwa na minong'ono kwamba amerogwa na washindani wake wa biashara, maana anayeanguka bafuni kwetu huwa hakuanguka hivi hivi. Nilikaa na wazee nikawaeleza habari za mishipa. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akaniuliza, "Sasa mbona wewe mkubwa hukuanguka?"

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wazima wana presha, na wengi hawakuwa wakijua. Weka hapo sukari, weka saratani ya tezi dume, ambayo wanaume wengi wanaambiwa habari zake hospitalini wakati imeshafika kwenye mifupa, kwa sababu hofu ya kidole cha daktari ni kubwa kuliko hofu ya kifo. Weka pombe: Machi 2017 viroba vilipigwa marufuku, nami ni katika waliofurahi, kwa sababu nilikuwa nikiviokota uwanjani pa shule. Gongo haikusoma tangazo. Weka bodaboda, na hapa sina utani wowote, kwani wanaokufa ni wanafunzi wangu. Kijana wa miaka 23 anachukua pikipiki ya mkataba, anatakiwa kumpelekea tajiri hesabu kila jioni, hana kofia ya pili, breki ni za kubahatisha, anapata usingizi wa saa tano tu. Akifa hashushi wastani wa kuishi kama anavyoushusha mtoto mchanga, wala haonekani kwenye mjadala wa wazee. Ila kwenye ile hesabu ya wavulana 100, ameshatoka mstarini miaka 42 kabla ya mstari wa mwisho.

Haya yote yana tofauti moja na UKIMWI wa miaka ya themanini. Wakati ule hakukuwa na dawa. Amlodipini ipo, ni ya bei nafuu, na kipimo cha presha hakihitaji hata kukutoa tone la damu. Mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa, na mimi siulizi itagharamia upasuaji gani mkubwa, nauliza kama itamfanya mwanamume wa miaka 40 aingie zahanati akiwa mzima. Zahanati ya mtaani kwetu ilijaribu kupima presha Jumapili asubuhi jirani na uwanja wa mpira, bila kadi, bila foleni, bila kuvuliwa shati. Wanaume walijaa. Mpango ulikufa kwa sababu mashine ilikuwa moja na ilikuwa ikihitajika wodini. Nesi aliyekuwa akiusimamia aliniambia, "Baba, ningekuwa na mashine mbili na kijana mmoja wa kuandika, hawa ningewamaliza mtaa mzima." Hakuomba jengo.

Zanzibar wana jambo ambalo sisi wa Bara tungelitazama kwa wivu zaidi. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 analipwa pensheni ya jamii kila mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi, bila kuulizwa alichangia mfuko gani. Walianza na shilingi 20,000. Ni pesa ndogo, lakini ili uilipe lazima ujue wazee wako ni kina nani, wako wapi, na wana umri gani. Huku Bara tunabishana kuhusu 12.5 sisi wachache wenye hati ya mshahara, na mvuvi wa Kigoma aliyefika 65 kwa maajabu hajui kama kuna ubishi.

Kujua umri wa watu, kwa kweli, ndiko tulikoishia kuwa dhaifu. Mdogo wangu alipofariki tulikwenda RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kuchukua cheti cha kifo kwa sababu benki ilikitaka, na mirathi isingefunguliwa bila hicho. Kama asingekuwa na akaunti wala kiwanja tusingekwenda. Kibali cha mazishi kingetosha, na kwenye vitabu vya serikali angeendelea kuwa hai. Walio wengi vijijini wanakufa hivyo. Kwa hiyo namba zote hizi za wanaume wanaofika 65 zinatokana na kuuliza: sensa inauliza kila kaya kama kuna aliyefariki ndani ya miezi 12 iliyopita, alikuwa na umri gani, wa kike au wa kiume, kisha wataalamu wanajaza mapengo kwa mahesabu yao. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Ubora wake unashuka kadiri umri unavyopanda, maana wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa na umri wao huishia kwenye sifuri au tano.

Agosti 2022 nilikuwa Muleba karani wa sensa alipofika. Alimwamkia baba mkubwa kwa adabu zote, akamuuliza amezaliwa mwaka gani. Mzee akamwambia amezaliwa wakati wanaume wanarudi kutoka vita vya Hitler. Karani, binti mdogo wa hapo hapo kijijini, akatafakari, akauliza kama aandike 76. "Andika 80," mzee akasema. "Mwaka 2012 mliandika 75, nikanyamaza." Binti alitaka kuonyesha kwamba hesabu hizo haziendani, kisha akaona chai imeletwa, akaandika 80.